Maandishi ya Ukutani katika Makanisa ya Georgia: Ushuhuda Wake na Mipaka Yake

Liko neno lipendwalo sana na waandishi wa mambo ya kale, ya kwamba jiwe halisemi uongo. Kitabu, wasema, hunakiliwa na mkono baada ya mkono, na kila mkono huongeza au hupunguza kidogo. Bali maneno yaliyochongwa ukutani hukaa vile vile yalivyowekwa siku ya kwanza. Katika neno hili imo kweli, wala haifai kudharauliwa. Lakini si kweli yote, na mtu alishikaye pasipo kulipima aweza kupotea mbali kuliko yule asiyesoma mawe kabisa. Katika kurasa hizi nataka kulipima kwa mfano wa nchi moja, yaani Georgia, nchi ya kale ya Wakristo iliyo kusini ya milima ya Kaukasi, kando ya Bahari Nyeusi.

Sababu ya kuichagua nchi hiyo ni hii. Wafalme wake walipokea Ukristo katika karne ya 4, na tangu hapo nchi ikawa njia panda ya mataifa: Waajemi, Warumi wa Constantinople, Waarabu, Waturuki na Wamongolia, kila mmoja kwa zamu yake alipita na jeshi. Kitabu kikubwa cha habari zake, kiitwacho Kartlis Tskhovreba, maana yake Maisha ya Kartli, ni mkusanyo wa maandishi ya zamani mbalimbali. Lakini nakala ya Kigeorgia iliyo kongwe kuliko zote tulizo nazo, ile iitwayo ya Malkia Anna, iliandikwa kati ya mwaka 1479 na 1495. Basi msomaji atakaye kujua mambo ya karne ya 5 yampasa kusoma nakala iliyoandikwa miaka elfu baadaye. Si ajabu wataalamu wakigeukia kuta za makanisa. Huko mkono wa katikati hakuna.

Kwanza lazima tuseme machache juu ya herufi na hesabu ya miaka, maana pasipo hayo yatakayofuata hayatafahamika. Wageorgia wana namna tatu za herufi. Ya kwanza ni asomtavruli, herufi kubwa zilizofaa sana kuchongwa katika mawe. Ya pili ni nuskhuri, herufi za vitabu vya kanisa. Ya tatu ni mkhedruli, ndiyo itumikayo leo katika shule na magazeti. Kanisa la Ateni Sioni, lililojengwa katika karne ya 7 katika bonde la mto Tana, kusini ya mji wa Gori, linayo maandishi ya thamani kubwa kwa jambo hili: limo andiko la nuskhuri la mwaka 835, na andiko la mkhedruli la miaka ya 980, na yote mawili huhesabiwa kuwa ya kwanza yenye tarehe katika namna yake. Kama kuta za kanisa hilo zingalianguka, leo tungalisema ya kwamba herufi hizo zilianza baadaye sana.

Waandishi wa kuta walikuwa na desturi ya kufupisha. Waliacha irabu nyingi, hasa katika majina matakatifu na vyeo, wakaweka kistari juu ya herufi zilizobaki iwe ishara ya ufupisho. Mtu aliyewahi kupewa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu bila alama za irabu aijua shida hii: aijuaye habari aisoma upesi, asiyeijua aweza kusoma maneno matatu katika neno moja. Tutarudia jambo hili, kwa sababu ndilo mlango wa makosa mengi.

Hesabu ya miaka nayo ina ufundi wake. Wageorgia walihesabu ya kuwa tangu kuumbwa ulimwengu hata kuzaliwa Kristo ni miaka 5604. Tena walifuata mzunguko wa miaka 532, yaani 19 ya mwezi mara 28 ya jua, ambao ukiisha Pasaka hurudi katika tarehe zile zile na siku za juma zile zile. Mizunguko 12 ni miaka 6384. Tukiondoa 5604, yabaki 780. Kwa hiyo mzunguko wa 13 ulianza mara baada ya mwaka 780 B.K. Mwaka katika mzunguko huo huitwa koronikoni, na mtu aonapo koronikoni 73 ukutani, huongeza 780 apate 853. Lakini na aangalie: mwandishi hakutaja ni mzunguko wa ngapi. Hesabu ile ile 73 yaweza kuwa mwaka 1385 katika mzunguko uliofuata, na siku ya juma haitamsaidia kuchagua, kwa kuwa mzunguko huzirudisha siku zote mahali pake.

Nimetaja 73 kwa kusudi. Katika ukuta wa Ateni Sioni liko andiko fupi ambalo, kwa maoni yangu, ndilo shahidi bora kuliko yote ya namna hii katika nchi ile. Lasema hivi kwa maneno machache: katika mwezi wa Agosti, tarehe 5, siku ya Jumamosi, koronikoni 73, mwaka 239, Bugha aliuchoma moto mji wa Tbilisi, akamkamata amiri Sahak, akamwua, na mwezi ule ule wa Agosti, tarehe 26, siku ya Jumamosi, Zirak alimkamata Kakha na Tarkhuji mwanawe. Basi. Hakuna dua, hakuna jina la mwandishi, hakuna neno la kulaani wala la kusifu.

Habari yenyewe ndiyo hii. Tbilisi wakati huo ulikuwa chini ya amiri Mwislamu, Ishaq mwana wa Ismail, ambaye Wageorgia walimwita Sahak. Amiri huyo aliacha kumtii Khalifa Mutawakkil, naye Khalifa akampeleka Bugha, jemadari wake Mturuki, amrudishe au amwangamize. Wakristo wa nchi waligawanyika. Wengine walikuwa upande wa Bugha, wengine walipigana naye.

Na tulipime andiko hili kama hakimu apimavyo neno la shahidi. Lina saa tatu ndani yake: koronikoni ya Wageorgia, mwaka wa Hijra wa Waislamu, na siku ya juma. Koronikoni 73 ni mwaka 853. Mwaka 239 wa Hijra ulianza tarehe 12 Juni 853, basi Agosti ya mwaka huo ni Agosti 853. Ukihesabu siku kwa kalenda ya Julius Kaisari, tarehe 5 Agosti 853 ilikuwa Jumamosi kweli, na tarehe 26, majuma matatu kamili baadaye, Jumamosi pia. Saa zote tatu zapiga pamoja. Tena ile shaka ya mzunguko, iliyokuwa haiwezi kuondolewa na koronikoni wala na siku ya juma, yaondolewa na Hijra peke yake, maana mwaka 1385 haukaribii 239 hata kidogo. Mtu aliyetunga habari hii miaka mia baadaye angalipaswa kuwa fundi wa kalenda mbili pamoja ili asikosee popote. Ni rahisi zaidi kuamini ya kuwa aliandika mambo ya siku zake.

Sasa tumlete shahidi wa pili. Tabari, mwandishi mkubwa wa historia wa Baghdad, aliyefariki mwaka 923, naye aeleza kuchomwa kwa Tbilisi. Amtaja Bugha, amtaja Ishaq, amtaja Zirak kuwa jemadari chini ya Bugha. Katika majina ukuta na kitabu havina ugomvi. Lakini Tabari aiweka habari katika mwaka 238, si 239. Agosti iliyomo katika mwaka 238 ni ile ya 852, na tarehe 5 Agosti 852 ilikuwa Ijumaa. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa historia husimama wakisema, Tabari ni mwanachuoni mkubwa, na ukuta wa Ateni ni mkwaruzo wa mtu asiye na jina, tumfuate mkubwa. Mimi nasema wamekosea. Tabari alikuwa mtoto wakati wa vita hiyo, mbali sana nayo, na kitabu chake amekipanga mwaka kwa mwaka, hata habari iliyoenea miezi mingi lazima iingie chini ya mwaka mmoja. Vita ya Bugha katika nchi za Armenia na Georgia haikuwa ya siku moja. Mwandishi wa Ateni alikuwa mwendo mfupi tu kutoka mji uliochomwa, naye ataja siku. Katika jambo la tarehe, asiye na jina ndiye wa kusikizwa.

Tabari anayo idadi ambayo ukuta hauna: asema ya kuwa watu kama 50,000 waliungua katika mji ule, ambao nyumba zake zilijengwa kwa mbao. Idadi kama hiyo huvutia sana, nayo hunakiliwa katika vitabu vingi. Nani aliwahesabu? Mwandishi wa Ateni, aliyekuwa karibu na moto, hakuthubutu kutaja hesabu yoyote. Ukimya wake hausemi kwamba waliokufa ni wachache. Wasema tu kwamba yeye aliandika aliyoyajua.

Liko jambo jingine katika andiko hili, nalo lanigusa zaidi. Huyo Kakha aliyekamatwa tarehe 26 ajulikana katika Kanisa la Georgia kwa jina la Kostanti. Maisha yake yaliandikwa: mkuu wa Kartli, mzee wa miaka 85, aliyepelekwa Samarra pamoja na mwanawe, akahimizwa kuiacha imani yake, akakataa, akauawa kwa amri ya Khalifa. Kanisa lake humkumbuka tarehe 10 Novemba. Wako wasomi wasiopenda kuamini maisha ya watakatifu, kwa kuwa yamejaa maneno ya kuiga kutoka kitabu hiki na kile. Na kwa kweli mengi yamejaa hivyo. Lakini hapa ukuta wamtaja mtu, wamtaja mwanawe, wataja na siku waliyoshikwa. Na tazama usilolisema: habarini za amiri waongeza ya kuwa aliuawa, habarini za Kakha waishia kukamatwa. Kama mwandishi angalijua kifo cha yule mzee, asingaliacha kukitaja, na hasa akiwa Mkristo akiandika kanisani. Kwa hiyo naona ya kuwa andiko lilichorwa baada ya tarehe 26 Agosti na kabla ya habari za Samarra kufika katika bonde la Ateni. Lugha yetu yatumia neno moja, shahidi, kwa yule aliyeona na kwa yule aliyekufa kwa ajili ya imani. Katika ukuta huu wamekutana wote wawili, na yule wa kwanza hakujua bado ya kuwa wa pili atakuwa shahidi.

Nimekaa sana Ateni kwa kuwa nguvu ya andiko lile yatoka katika unyonge wake. Hakuna aliyeliagiza, hakuna aliyepata sifa kwalo. Maandishi mengi ya makanisa si hivyo. Ni maneno ya wajenzi na watoa sadaka, yamewekwa mlangoni au juu ya dirisha ili yaonekane, nayo yataka kitu kwa msomaji: ataje jina fulani katika sala zake, na akumbuke nani alilipa. Tuone mfano.

Juu ya kilima mbele ya Mtskheta, mji mkuu wa kale, mahali mito ya Mtkvari na Aragvi ikutanapo, limesimama kanisa la Jvari, maana yake Msalaba. Ndilo lililoigwa na wajenzi wa Ateni. Katika ukuta wa mashariki wamechongwa watu wanaoomba, na kila mmoja amepewa jina na cheo: Stephanos, patrikio wa Kartli, Demetre, hipato, Adrnerse, hipato. Vyeo hivi ni vya Kirumi na vya Kigiriki, na mwenye kuvitoa ni Kaisari wa Constantinople. Hapo jiwe lafundisha jambo kubwa pasipo kukusudia: wakuu wa Kartli, jirani za Uajemi, walipotaka kuonekana mbele ya Mungu na mbele ya watu, walivaa heshima ya Kaisari. Hilo halina shaka.

Lakini mwaka haukuandikwa. Vitabu vya kale vya Georgia vyataja watawala wawili walioitwa Stephanos karibu karibu, mmoja mwana wa Guaram, mwingine mwana wa Adarnase. Giorgi Chubinashvili, aliyeianzisha elimu ya majengo ya kale ya Georgia, aliona ni yule wa kwanza, akaweka ujenzi kati ya mwaka 586 au 587 na mwaka 604 au 605. Wengine wamwona yule wa pili, wakalisogeza kanisa hata nusu ya kwanza ya karne ya 7. Kila upande una hoja, nami siwezi kusema ya kuwa mmoja umeshinda. Ninalolaumu ni namna ya kutoa hoja. Mtu hulisoma andiko kwa msaada wa kitabu ili apate mwaka, kisha hukithibitisha kitabu kwa mwaka alioupata katika andiko. Huko ni kumleta shahidi mmoja mara mbili, amevaa kanzu nyingine. Na madhara yake husafiri: umri wa Ateni, na wa makanisa mengine ya umbo lile, hupimwa kwa umri wa Jvari.

Andiko la Bolnisi, kusini ya Tbilisi, lina shida ya namna nyingine. Kanisa la Sioni la huko lina maandishi ya kale kuliko yote yenye tarehe ndani ya Georgia yenyewe. (Nje ya nchi, karibu na Bethlehemu, mahali paitwapo Bir el-Qutt, Virgilio Corbo alichimbua mwaka 1952 na 1953 maandishi ya Kigeorgia katika sakafu ya monasteri, ambayo wengi huyaweka katika karne ya 5, lakini hayo hayana mwaka.) Jiwe la Bolnisi limevunjika, na maneno yaliyopotea yamejazwa na wasomi. Habari yake ni kwamba kanisa lilianzwa katika mwaka wa 20 wa Mfalme Peroz, likamalizika miaka 15 baadaye. Peroz ni mfalme wa Uajemi, aliyetawala tangu 459 hata 484. Kwa hiyo kuanza ni mwaka 478 au 479, na kumaliza ni 493 au karibu yake.

Wengi hushangaa kwamba Wakristo walihesabu umri wa kanisa lao kwa mfalme aliyeabudu kwa dini ya Zarathustra. Mimi sishangai, mtu huandika tarehe kwa kalenda ya serikali iliyopo. La kuangaliwa zaidi ni jina lisilokuwapo. Vitabu vya kale vimejaa sifa za Vakhtang Gorgasali, mfalme wa Kartli siku zizo hizo, aliyewaasi Waajemi tangu mwaka 482. Na jiwe halimtaji. Basi wengine wamekwisha kusema ya kuwa enzi yake ilikuwa ndogo, na kwamba waandishi wa baadaye walimkuza. Huenda. Lakini ukimya wa jiwe lililovunjika ni ushahidi dhaifu kabisa. Hatujui lililokuwa katika vipande vilivyopotea, wala hatujui kama desturi ilimtaka mwashi kutaja mfalme zaidi ya mmoja. Ukimya wa Ateni juu ya kifo cha Kakha una nguvu kwa sababu andiko ni zima, na kwa sababu jirani yake, kifo cha amiri, kimetajwa. Hapa hakuna hata moja ya hayo mawili.

Vivyo hivyo juu ya asili ya herufi. Vitabu vyasema Mfalme Pharnavaz alizibuni katika karne ya 3 K.K.; Waarmenia wasema ni Mashtots wao, katika karne ya 5 B.K. Maandishi yakubaliwayo na wote hayapandi juu ya karne ya 5. Hilo ladhoofisha neno la Pharnavaz, lakini halimthibitishi Mashtots.

Makosa mengine ni ya usomaji wa haraka tu, nami nitayapita upesi. Katika kanisa kuu la Kutaisi, liitwalo la Bagrati kwa jina la Mfalme Bagrat wa Tatu, andiko la ukuta wa kaskazini lasema ya kuwa sakafu ilipowekwa, koronikoni ilikuwa 223, yaani mwaka 1003. Vitabu vya wasafiri huugeuza mwaka huo kuwa mwaka wa kanisa lote. Sakafu ni sakafu. Kanisa lenyewe lilipasuliwa kwa baruti katika vita ya Waturuki mwaka 1692, likajengwa upya hata likamalizika mwaka 2012, na kwa ajili ya ujenzi huo UNESCO ililiondoa katika orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2017. Na huko Mtskheta, katika ukuta wa Svetitskhoveli, kanisa lililojengwa kati ya 1010 na 1029, umechongwa mkono wenye chombo cha fundi, na maneno yasemayo ya kuwa ni mkono wa Arsukisdze, mtumwa, asamehewe dhambi zake. Watu wamesimulia ya kuwa fundi huyo alikatwa mkono kwa wivu, na Konstantine Gamsakhurdia alitunga riwaya mashuhuri juu yake mwaka 1939. Jiwe halikutaja upanga wala wivu. Latutaka tumwombee fundi, na hadithi imezaliwa kwa kutazama mchoro na kuacha maneno.

Yafaa tuseme pia juu ya wasomi waliotuletea maandishi haya. Marie-Félicité Brosset, Mfaransa, alizunguka Georgia na Armenia mwaka 1847 na 1848, akanakili mengi ambayo baadaye yaliharibika. Ekvtime Takaishvili, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufariki 1953, alifika mara kadhaa katika makanisa ya Tao na Klarjeti, ambayo leo yamo ndani ya Uturuki, na safari yake ya mwaka 1917 ilifanyika vita ingali ikiendelea. Mwaka 1980 zikatoka Tbilisi juzuu za mkusanyo mkubwa wa maandishi ya mawe. Ile ya mashariki na kusini, tangu karne ya 5 hata ya 10, ni kazi ya Nodar Shoshiashvili, na ile ya magharibi ni ya Valeri Silogava. Kazi hizi ni za uaminifu mkubwa. Herufi zilizopotea hutiwa ndani ya mabano, ili msomaji aone lililo la jiwe na lililo la msomi. Lawama yangu ni kwa wanaonakili kutoka humo. Hao huyaondoa mabano, kisha huandika sentensi nzima kana kwamba mwashi wa kale aliichonga yote. Baada ya nakala tatu hakuna akumbukaye tena ya kuwa nusu ya jina la mfalme ilitoka katika kichwa cha profesa. Basi ule mkono wa katikati, tuliosema haumo ukutani, umerudi kwa mlango wa nyuma.

Na profesa naye ana kabila na taifa. Ateni huko huko liko andiko la Kiarmenia la mtu ajiitaye Todosak, mjenzi wa kanisa. Kwa jina hilo moja zimeandikwa kurasa nyingi, Waarmenia wakitaka kanisa liwe la fundi wao, Wageorgia wakitaka Todosak awe mwigaji tu wa kazi ya Jvari. Neno "mjenzi" laweza kumfaa mwenye kupima, mwenye kuchonga, hata msimamizi wa mafundi. La yakini ni kwamba mtu mwenye kusema Kiarmenia alifanya kazi Kartli akaandika kwa lugha yake mwenyewe, wala hakuna aliyemfutia. Mimi huona jambo hilo kuwa la thamani kuliko ushindi wa upande wowote.

Maandishi ambayo wanahistoria wa kale waliyadharau, kwa kuwa hayana vita wala wafalme, ndiyo leo yatufaayo zaidi. Oshki, katika nchi ya Tao, kanisa lililojengwa katika miaka ya 960 na 970 na wana wa kifalme Bagrat na David, lina andiko refu la hesabu. Grigol, msimamizi wa kazi, ametajwa; na pamoja naye gharama za mwaka: fedha za ujira, mvinyo, chuma, ngano, idadi ya mafundi na ya wanyama wa kuchukua mawe. Mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi wa darasa atamwelewa Grigol mara moja. Katika vitabu vya wafalme hutaona hata siku moja ng'ombe aliyevuta jiwe, bali hapa amehesabiwa.

Na la mwisho ni la Ani, mji uliokuwa kiti cha wafalme wa Armenia, kisha ukawa chini ya taji la Georgia. Nikolai Marr alilitangaza mwaka 1910, kutoka katika uchimbaji wake. Ni andiko la Kigeorgia la mwaka 1218, nalo si la sifa hata kidogo. Katoliko Epifane, mkuu wa Kanisa la Georgia, alikuta huko ugomvi kati ya makasisi na watu wao kwa ajili ya malipo ya huduma. Akaweka kiasi cha malipo ya ndoa na ya maziko, akaamuru kichongwe ukutani, mahali ambapo kila mtu angeweza kukisoma kabla ya kumwita kasisi. Shahidi huyu ana nia yake, maana katoliko ataka kutiiwa. Lakini amri haitungwi dhidi ya kosa lisilokuwapo. Kama makasisi wa Ani walizidisha malipo, au kama watu walikuwa wazito wa kutoa, kila msomaji wa gazeti hili atakuwa na maoni yake kwa kadiri ya upande alioketi. Jiwe lenyewe lataja kiasi tu, na jina la aliyekiweka.